Swali la Watoto wa Cornelia

Mimi Coleta sina subira na anayemwita mdogo wangu Cornelia muongo. Aende kwanza akaishi mwaka mmoja na mama mkwe wa Cornelia, halafu ndipo tuongee.

Cornelia alizaa akiwa na miaka kumi na saba, nyumbani kwetu Mollo, kipindi kile biashara ya mahindi ilipoachiwa huru na wanunuzi wakaanza kupanda Ufipa na malori yao. Mmoja alinunua mahindi yetu, akamwachia mdogo wangu mimba, huyoo akaenda zake. Mama akamlea mtoto, Silvana, kama kitindamimba wake. Silvana mwenyewe alijua Cornelia ni dada yake. Fabiani wa Izia alipokuja kuposa tukanyamaza, maana alikuwa ametamka wazi kwamba mtoto wa mwanamume mwingine hamlei.

Mungu naye! Ndoa ikatimiza miaka sita bila mtoto. Bertilla, mama yake Fabiani aliyeishi nao, akaanza kumwita mgumba mbele za watu na kumshawishi mwanawe akazae nje. Cornelia angeweza kumziba mdomo kwa neno moja tu, lakini neno hilo hilo ndilo lingemfukuzisha. Mbele mwiba, nyuma mwiba.

Agosti 2002 tukapanga nimpeleke Silvana Izia akakae siku chache, Fabiani amzoee, kisha Cornelia amweleze ukweli na kumwomba wamlee. Na kweli Fabiani alimpenda. Siku ya tatu tu alikuwa anamfundisha kuendesha baiskeli.

"Dada, Jumapili jioni namwambia," Cornelia akaninong'oneza.

Jumapili asubuhi akaja karani wa sensa.

Alikuwa mwalimu kijana, mpole. Akauliza waliolala humo usiku wa kuamkia siku ile. Fabiani akatutaja wote, na Silvana akaandikwa shemeji wa mkuu wa kaya. Kisha karani akasema ana maswali ya akina mama, ikiwezekana wakae pembeni.

"Pembeni kuna nini?" Bertilla akadakia. "Humu hatuna siri."

Basi akauliza pale pale: Cornelia amezaa watoto wangapi waliozaliwa hai?

"Andika sifuri, mwalimu," Bertilla akasema. "Tena ichore kubwa."

Nilitamani nimrushie kigoda. Fabiani aliinamisha kichwa. Silvana alimtazama Cornelia kwa huruma.

"Mmoja," Cornelia akasema.

Karani akauliza kama mtoto huyo anaishi hapo, anaishi kwingine, au amefariki. Cornelia akamtazama mumewe. Fabiani alishasimama, uso umemkunjana.

"Amefariki," Cornelia akasema. "Ni kabla ya ndoa. Hakumaliza wiki."

Fabiani akaketi taratibu. Na Bertilla, mwanamke yule yule, akamshika mkwewe mkono. "Pole, mwanangu. Kumbe uzazi upo! Alibatizwa? Jina lake nani?"

Cornelia akanigeukia. Nikamjibia mimi.

"Kornel," nikasema. Mungu anisamehe.

Neno mgumba halikutajwa tena nyumba ile, lakini nasi tukawa tumejifungia mlango. Sasa kumwambia Fabiani ukweli kungekuwa kumwambia kwamba mkewe alimzika mtoto mzima mbele yake na mbele ya serikali, na mtoto mwenyewe akiwa amekaa hapo hapo anasikiliza. Nani angeliweza hilo? Nikamrudisha Silvana Mollo, na Cornelia hakutoka hata kutusindikiza.

Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, Bertilla akatoa sadaka ya Misa kwa ajili ya Kornel, akatuita wote, hata sisi wa Mollo. Angetukana tu kama zamani, ningemshukuru. Silvana alipiga magoti kati yangu na Cornelia, akafumba macho, akasali kweli kweli. Tulipotoka kanisani, akamshika Cornelia mkono.

"Usilie, dada," akamwambia. "Mimi nitakuwa namwombea mtoto wako kila siku."