Marakuja ya Mama Khadidja Kwenye Mapipa

Mama mkubwa wangu Khadidja hana mkono wa kilimo. Ni fundi cherehani, na kila alichopanda kwenye mchanga wa Kajaga, kando ya ziwa, kilikufa kabla ya mwezi. Ila ana kichwa kigumu, na katika ukoo wetu hilo si tusi, hata mimi Hayat nimepewa fungu langu.

Mumewe, baba mkubwa Tajudini, alipopooza upande wa kulia, kitanda chake kiliwekwa chumba cha nyuma, chini ya bati, mahali ambapo saa nane mchana hata mzima hakai. Khadidja akataka kivuli dirishani. Akakatisha mapipa mawili ya mafuta katikati kule mtaa wa viwanda, akapata manne, akayatoboa chini kwa msumari, akatandika vipande vya tofali, akajaza udongo mweusi na samadi. Kila pipa mche mmoja wa marakuja, tunda ambalo wengine huliita pesheni. Akavuta nyaya mpaka kwenye paa, na shina lililokosa pa kushika alilifunga kwa kipande cha kitenge kilichobaki kwenye kazi zake. Mwaka haukuisha, dirisha lote likawa kijani, na baba mkubwa akawa na kazi ya kuhesabu maua.

Mimi nauza vitambaa Kamenge. Kila Ijumaa baada ya swala nashuka Kajaga kuwasalimu. Ijumaa moja ya Julai nilimkuta mama mkubwa anachekelea.

“Hayat, mutoto wangu, mi simwagilii tena. Wiki ya tatu sasa. Udongo iko na maji tu. Ni baraka.”

Nikamtania kwamba labda malaika wanambebea ndoo, tukacheka wote. Nakichukia kicheko kile. Katikati ya kiangazi, tone la mvua halijaonekana tangu Mei, na mimi mwenye akili zangu nacheka!

Ijumaa iliyofuata majani yalikuwa ya njano. Alishaweka majivu, alishaweka samadi nyingine, wapi. Nikaingiza mkono kwenye pipa hadi kiwiko. Udongo ulikuwa baridi, unanuka matope ya ziwa. Tukalisukuma lile pipa sisi wawili, likagoma, kwa sababu mizizi ilikuwa imepita kwenye matundu na kuingia ardhini. Lilipong’oka, pale lilipokaa pakaanza kujaa maji, polepole, mbele ya macho yetu.

Ziwa lenyewe lilikuwa bado mitaa mitatu kutoka hapo. Nilisimama nikaliona kabisa, limetulia. Lakini chini kwa chini lilikuwa limeshafika nyumbani.

Nyumba yao ni ya rukarakara, zile tofali za udongo zinazokaushwa juani, na juu yake wamepiga saruji. Nikakwangua saruji kwa ufunguo, pale chini. Tofali likaja na kidole changu, laini kama unga uliokandwa. Nikaenda ukuta wa mbele, vilevile. Wa pembeni, vilevile.

Nikaingia kwa baba mkubwa bila hata kubisha hodi. “Baba mukubwa, leo munahama. Naita gari, tunaenda kwangu.”

“Apana,” akasema. “Mi siendi.”

Nilijua sababu. Mwaka ule ziwa lilipopanda walikimbizwa kwenye mahema, wakakaa huko miezi, na ni huko ndiko alikopooza.

“Kwenye hema niliacha mukono na muguu,” akasema. “Sasa munataka niache nini?”

“Ukuta itaanguka, baba!”

“We unaangalia ukuta. Mi naangalia majani yangu.”

Nakiri nilimkamata mabega nimwinue kwa nguvu. Akashika chuma cha kitanda kwa mkono wake mzima, akalia. Mtu aliyefungua injini za malori miaka thelathini, analia kwa sauti kama amefiwa. Mama mkubwa akanitoa mikono.

“Muache, Hayat.”

Kisha akaanza kuvuta kitanda, na mume wake juu yake. Alikisogeza mbali na ukuta hatua mbili, chumba hakina zaidi ya hapo. Akatoka, akarudi anakokota godoro lake kutoka chumba cha mbele, akalitandika kwenye ile nafasi, kati ya kitanda na ukuta.

“Mama mukubwa, unafanya nini?”

Alikuwa anaukung’uta mto. “Yeye hawezi kukimbia,” akasema. “Basi ikianguka, ianze na mi.”

Baba mkubwa alisikia. Aliacha kutazama dirisha, akaanza kuutazama ukuta.