Gari la Mafuriko Juu ya Lami

Mpaka leo nikimsikia mtu wa Garsen akisifu gari lililoinuliwa, damu hunipanda kichwani. Wanalizunguka, wanalipigapiga bodi, wanainama kuchungulia ile nafasi iliyoko chini, halafu wanasema, "Hii sasa ndiyo gari." Gari gani? Hebu nielezeni, gari gani?

Pikapu ya mdogo wangu ilikuwa ya kawaida tu, ile ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, alipoinunua abebe maembe na abiria kutoka kwetu Kulesa hadi Garsen. Kisha mto ukafurika. Njia ikageuka tope jeusi, na kwenye mabonde maji yakafika kiunoni. Akaipeleka kwa mafundi. Wakaongeza springi za lori, wakapachika vipande vya chuma baina ya springi na ekseli, wakafunga tairi kubwa za kukanyagia tope. Ilipotoka pale, mtu mzima hapandi mpaka ashike mlango kwa mikono miwili na kusukumwa matako.

Sitasema uongo, kwenye maji ilifanya kazi. Siku mama yetu alipozingirwa nyumbani, ndiyo iliyomfikia ikamtoa, yeye na kuku wake na jembe lake. Tangu siku hiyo mama hakuambilika kuhusu gari lile. Na si yeye peke yake. Kijiji kizima kilikuwa na swali moja tu kuhusu gari la mtu: linapita maji? Hakuna hata mmoja aliyeuliza linasimama vipi.

Maji yalipopungua nilimwambia mdogo wangu, "Sasa rudisha springi zako za zamani." Nilikuwa nimelipanda hadi Minjila nikaona vituko. Lami imenyooka, na bado anahangaika na usukani, kushoto, kulia, kushoto tena. Akikanyaga breki, pua inainama na gari linavuta upande. Akacheka. "Dada, wewe kaanga samaki wako. Gari niachie mimi." Nusura nimrushie mwiko wa mafuta ya moto. Kijana kichwa ngumu, tena mwenye nyodo, na kila mtu sokoni anamshangilia!

Basi mama alikuwa na mtoto wa jicho. Hospitali ya Malindi ilimpa siku ya kupasuliwa, na siku hiyo alikuwa akiisubiri kwa hamu, kwa sababu ya shamba. Kwetu mto ukirudi nyuma huacha tope jipya, na mbegu lazima ziingie kabla halijakauka. Mama hatumi mtu shambani kwake. Alitaka jicho lipone upesi, arudi, apande kwa mkono wake mwenyewe akiona kila shimo. Hilo tu ndilo alilokuwa analitaka duniani.

Nikamwambia tupande basi Garsen. Akakataa katakata. "Gari iliyonitoa kwenye maji itanitupa kwenye barabara kavu?" Na waliokuwepo wote wakaitikia kwa vichwa, ndiyo, ndiyo, mama amesema kweli. Ndilo kosa letu sisi watu wa mtoni. Tunadhani tope ndiyo kazi na lami ni mapumziko, kwamba ukishafika kwenye lami umeshafika. Nilibishana nao mpaka sauti ikanikauka, na mwisho nikapanda mimi pia, maana singemwacha mama aende peke yake na yule kichwa maji.

Asubuhi ile njia ya Kulesa ilikuwa bado inateleza. Mdogo wangu akapunguza upepo kwenye tairi ili zikamate tope, kama wanavyofanya madereva wote wa huko. Sawa. Tulipofika Garsen nikamwambia, "Jaza upepo." Akasema, "Tutajaza Malindi." Ala! Tairi zimelegea hivyo na wewe unaingia lami? Yeye alikuwa anaelewana na mfanyabiashara mmoja wa mifugo, Msomali mpole sana, aliyetaka mbuzi wake wafike Malindi. Wakajaza mbuzi nyuma, na waliobaki wakawafunga juu ya keria, juu ya vichwa vyetu. Mwenye mbuzi akakaa hukohuko juu pamoja nao.

Tazama basi. Gari limeshainuliwa, mzigo umewekwa juu zaidi, na chini tairi hazina upepo. Mama yuko katikati yetu, amevaa leso yake mpya ya kwendea hospitali. Na dereva, kwa kuwa barabara ni laini, anakanyaga mafuta.

Tulikuwa tumeipita Minjila wakati ng'ombe walipotokeza kwenye mathenge, hiyo miba iliyoziba pembezoni mwa barabara. Mchungaji aliinua fimbo yake kutusihi tupunguze. Mdogo wangu akakanyaga breki na kukata usukani kwa pamoja. Gari la kawaida lingeyumba, likalia, likasimama. Letu liliinama upande mmoja, likarudi upande wa pili kwa nguvu zaidi, na halikurudi tena. Tukalala kwa ubavu chini ya ukingo wa barabara, kwenye miba, mama chini yangu. Nilisikia kitu kikivunjika na nikajua si cha gari.

Mchungaji alikuja mbio, na basi likasimama, watu wakateremka. Wakamtoa mama kupitia kioo cha mbele. Mwenye mbuzi alikuwa anavuja damu mkononi na huku anaomba kisu, awahi kuchinja kabla mbuzi hawajajifia. Mdogo wangu alikuwa amekaa chini, mzima. Na katikati ya hayo yote mwanamume mmoja, simjui, akapiga bodi ya lile gari lililolala akasema, "Gari ngumu hii. Ingekuwa nyingine, mngekwisha." Lo! Nilimgeukia nikamtukana matusi ambayo sikujua ninayo. Nilianza kwa Kiswahili nikamalizia kwa Kipokomo.

Mama alipasuliwa nyonga, hukohuko Malindi. Jicho likaahirishwa. Kila asubuhi pale wodini aliniuliza, "Tope limekauka?" Nikamwambia bado. Nilimdanganya, lilikuwa limeshakauka likapasuka nyufa. Mdogo wangu akija na machungwa yake husema, "Ni mapenzi ya Mungu, dada." Nikamuuliza, "Mungu ndiye aliyekukataza kujaza upepo?" Mama akaninyamazisha. Akasema gari halina kosa, kosa ni la ng'ombe. Hata yeye! Nilitoka nje nikalia kwa hasira ukutani.

Siku mama aliporuhusiwa kutoka hospitalini, mdogo wangu alikuja kutuchukua. Mnadhani alikuja na nini? Pikapu ileile. Bodi imegongwagongwa ikanyooka, kioo kipya, na bado iko hukohuko juu. Alikuwa ameleta kreti tupu la soda mama apandie. Akalipanga kwa adabu chini ya mlango, akasema, "Karibu, mama."

Mama alisogea na magongo yake mpaka mlangoni, akaweka kiganja kwenye kiti. Kiti kilikuwa usawa wa kifua chake. Kisha akaanza kutetemeka. Huyu ni mwanamke anayechota maji penye mamba, anayefukuza viboko kwenye mpunga wake kwa kupiga debe. Alitetemeka mwili mzima, na mkojo ukamteremka miguuni ukalowesha kreti. Akainamisha uso. Nikavua leso yangu nikamfunga kiunoni, watu wakipita.

Mdogo wangu alibaki ameshika mlango. Maneno ya kumwambia nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyapanga tangu siku ya ajali, makali yote. Nikaweza kusema moja tu, "Umeona?"

Akaanza kulia. Sikumhurumia.

"Mama," nikasema, "tutapanda basi, sawa? Twende stendi, tupande basi."

Akatikisa kichwa. Si hilo, si basi, si gari lolote.

"Nitakwenda kwa miguu," akasema.

"Mpaka Kulesa?"

Alitanguliza magongo, akauvuta ule mguu wa nyonga iliyopasuliwa, akaanza kuelekea getini.