Matairi ya Theluji Ikungi

Asubuhi ile ya Julai upepo wa Ikungi uliamka kabla ya watu. Ulikuwa ule upepo wetu wa kipupwe, unaopita kwenye blanketi kama maji kwenye chekecheke, na usiku kucha ulikuwa umetandaza mchanga juu ya lami mpaka mstari mweupe wa katikati haukuonekana. Agnes Alute alisimama mlangoni pa banda lake la pancha, mikono kwapani, akimtazama binti yake Rebeka akirukaruka na viatu vipya. Mtoto alikuwa ameshavaa tangu saa kumi na moja. Leo alikuwa anakwenda Dodoma kwa bibi yake, tena anakwenda na baba.

Banda lile liliachwa na mzee Alute, baba yake Agnes. Agnes alipomaliza darasa la saba, kaka zake walikwenda mjini kutafuta kazi isiyochafua mikono, yeye akabaki kumshikia mzee tochi na jeki. Mzee alipofariki watu walidhani banda litafungwa. Halikufungwa. Miaka ya mwanzo madereva walisimama, wakachungulia ndani, wakauliza fundi yuko wapi. Agnes alichukua jeki akaingia chini ya gari, na aliyetaka kuendelea kuuliza aliiuliza miguu yake iliyobaki nje. Siku hizi hawaulizi. Ila kazi ile ilimpa tabia moja ambayo wanawake wenzake humtania nayo bombani: mgeni akifika, wao humtazama usoni, Agnes humtazama matairi.

Ndivyo alivyofanya Michael alipofika. Michael ni baba yake Rebeka. Hawakufunga ndoa, na kwa miaka miwili alikuwa baba wa kwenye simu. Jana jioni alitokea Dar es Salaam na gari jeusi, refu la pua, silinda sita, ambalo sauti yake ilifika Ikungi kabla yake, akalala gesti. Sasa alishuka akicheka, akampokea mtoto aliyemrukia shingoni, akamwamkia mzee Hezekia, kaka yake marehemu Alute, aliyekuwa amekuja kuwaaga wasafiri. Mzee aliitikia marahaba na kusifia gari. Agnes alisema karibu, kisha akaanza kulizunguka gari taratibu, kama mtu anayenunua ng'ombe.

Matairi ya mbele yalikuwa mapya, bado yana vile vinywele vya kiwandani. Akaridhika. Akaenda nyuma, akachuchumaa. Yalikuwa matairi ya namna nyingine kabisa. Kashata zake, yale matuta ya mpira yanayokanyaga lami, zilikuwa zimechanjwachanjwa mistari myembamba kama ya wembe, na ubavuni kulikuwa na kipicha cha mlima na ua la theluji. Aliwahi kuyaona kwenye magari yanayoletwa yametumika huko Ujapani. Akabonyeza mpira kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukapinda, mpira haukupinda. Akatafuta ubavuni zile namba nne ambazo mzee Alute alimfundisha kuzisoma, mbili za wiki, mbili za mwaka. Akazisoma mara mbili, maana mara ya kwanza hakutaka kuziamini. Matairi yale yalikuwa na miaka kumi na mitatu. Rebeka alikuwa na saba.

Alipoinuka, hasira ilikuwa imeshampanda, lakini alimwita Michael pembeni kwa sauti ya chini, kwa ajili ya mtoto. Akamuuliza matairi ya nyuma kayatoa wapi.

Michael alijibu kwa furaha. Yamekuja na gari lenyewe. Yule aliyemuuzia alimwambia asiyatupe kabisa, ni matairi ya baridi, na yeye akawaza, Singida si baridi? Akanunua mapya mawili tu ya mbele, maana mbele ndiko gari linakoongozwa, na haya akayaacha nyuma makusudi kwa safari hii.

"Baba Rebeka," Agnes alisema, "baridi ya hapa ina theluji?"

"Baridi ni baridi."

Agnes alimweleza, na maneno yalimtoka haraka kuliko alivyotaka. Mpira huu ulitengenezwa laini ili ukamate theluji. Ukiutembeza kwenye lami ya moto unaliwa kama sabuni, na ukizeeka unakauka. Huu umeshakauka, na asubuhi ya baridi kama hii unakuwa kwato. Tena gari hili halivutwi kwa mbele, linasukumwa na nyuma. Nguvu yote ya silinda sita inapitia kwenye hizo kwato mbili. Ukikanyaga mafuta kwenye kona yenye mchanga, mkia unakwenda zake, na ukishakwenda usukani ni pambo.

"Nimetoka nalo Dar mpaka hapa," Michael alisema. "Halijanifanya kitu."

"Ulikuja mchana na jua, na ule mlima wa Manyoni uliupanda. Leo unashuka, alfajiri, na mtoto."

Michael alitabasamu lile tabasamu ambalo Agnes alilijua tangu zamani, la kumwonea huruma mtu asiyejua. Akasema asingependa kubishana kuhusu magari na fundi wa pancha za baiskeli. Kisha akaongeza, na hili alilisema kwa sauti ili mzee Hezekia asikie, kwamba kama mama Rebeka hataki mtoto aende kwa ukoo wake, aseme wazi, asisingizie matairi.

Hapo ndipo Agnes alipoacha kusema kwa chini.

"Mbele unakaa wewe, ukajiwekea mapya. Nyuma atakaa mtoto, ukamwachia yaliyokuja na gari. Nani hataki nani?"

Mzee Hezekia alikohoa. Alimsogelea Agnes akamsemesha Kinyaturu, kwa upole, kwamba ahadi ilishatolewa, bibi wa mtoto anasubiri, na mtoto ana haki ya kwao. Halafu akageukia Kiswahili ili wote waelewe.

"Hasira hasara, binti yangu."

"Hasara ya hasira naijua, baba mkubwa, nitailipa. Hasara ya kunyamaza leo siwezi kuilipa. Rebeka aende. Matairi hayo hayaendi."

Rebeka alikuwa amesimama katikati yao, viatu vipya vimeshachafuka, macho yakitoka kwa huyu yakienda kwa yule. Alitaka kwenda. Ilionekana wazi kwamba alitaka kwenda kuliko alivyowahi kutaka kitu, na jambo hilo lilimchoma Agnes kuliko kejeli zote za Michael.

Michael alifungua mlango wa gari. Akasema wasipoteze muda, ngoja awaonyeshe, waone wenyewe kama gari linateleza. Agnes alimshika Rebeka mkono akampeleka nyuma ya banda, akamkalisha kwenye ukuta wa tofali, akamwambia asitoke. Mtoto alianza kulia kimyakimya, akidhani safari imekufa.

Gari lilitoka polepole likaingia barabarani, likaenda kama hatua mia mbili kuelekea Singida, likageuka, likaanza kurudi. Barabara ilikuwa tupu. Karibu na banda pana kona ndogo, si kona ya kuogopesha, watoto wa shule huikata na baiskeli bila kushika breki. Michael alipoifikia alikanyaga mafuta, na injini ikanguruma mpaka mabati ya banda yakaitika. Mkia wa gari ukatoka. Ulitoka upande, bila papara, kama mbuzi aliyekatiwa kamba, na Agnes aliona magurudumu ya mbele yakigeuzwa huku na huku bila faida. Gari lilizunguka zima likatazama lilikotoka, likarudi kinyumenyume mtaroni, likasimama. Kati ya mlango wa nyuma na zege la kalavati hapakuingia hata shubiri.

Vumbi lilipelekwa na upepo likaisha.

Wa kwanza kusema alikuwa mzee Hezekia. "Leo hamsafiri," alisema, akaketi juu ya tairi bovu.

Michael alitoka kupitia mlango wa abiria. Uso ulikuwa umempauka. Alisema ni mchanga.

"Ndiyo, ni mchanga," Agnes alisema. "Umelala barabarani mpaka Manyoni. Ungeupigia simu ukupishe?"

Mtu angedhani sasa atajisikia mshindi. Hakujisikia. Alitazama ule mlango wa nyuma na lile zege, akaona akilini sweta ya Rebeka imebanwa pale katikati. Alitamani kumpiga Michael kwa wili spana, kwa kweli alitamani, na aliishika mkononi. Badala yake alikwenda mtaroni na jeki. Lori la mahindi lililokuwa likipita lilisimama likawasaidia kulivuta gari, na lilipokaa sawa mbele ya banda, Agnes alilegeza nati za nyuma, akayatoa magurudumu yote mawili, akaliacha gari limekaa juu ya mawe.

Michael, kwa sauti iliyonywea, alipendekeza basi yale mapya yahamishiwe nyuma na haya ya zamani yaje mbele, waende mwendo wa taratibu. Agnes alikiri moyoni kwamba ni afadhali kuliko ilivyokuwa. Lakini tairi kavu likiwa mbele, breki zitashika nini kwenye mteremko? Alimjibu kwamba hachagui mtoto aumie kwa upande gani.

Saizi ile pana haikuwepo Ikungi. Agnes na Michael wakamwacha Rebeka kwa mzee Hezekia, wakachukua basi kwenda Singida mjini, magurudumu kwenye buti, wao viti viwili tofauti.

Dukani, muuzaji alimtazama Michael na miwani yake, akamwita bosi, akamtolea matairi mawili yaliyopakwa dawa nyeusi yaking'aa kama viatu vya askari. Agnes aliyainamia, akasoma, akasema ya mwaka gani haya, na kwa nini moja ni la mwaka huu na mwenzake la miaka tisa iliyopita. Muuzaji hakumjibu yeye. Alimwambia Michael, "Bosi, mwambie mama asubiri nje kwenye jua, humu baridi."

Michael alitazama chini. Kisha akasema, "Huyo ndiye anayechagua."

Agnes hakumshukuru. Alilitoa hili akalirudisha, akalitoa lile. Alitaka ya mwaka wa juzijuzi, mawili pacha, yanayofanana na yale ya mbele kwa jina na kwa kashata, ya barabara ya kawaida, yasiyo na picha ya theluji wala ya mashindano. Alisukumia ukucha kwenye kila moja mpaka mpira ulipokubali kidogo. Alipapasa ndani kutafuta kiraka. Walitafuta maduka matatu, na jua lilikuwa limeshainama alipopata mawili aliyoyakubali. Muuzaji wa mwisho alimuuliza Michael kwa mzaha kama mkewe ni mkali hivi nyumbani pia. Agnes alisema yeye si mkewe, ni fundi wake, na alipie.

Kesho yake aliyafunga mwenyewe. Alijaza upepo, akapima, akakaza nati tano kila upande, akakataa msaada. Hakuwaruhusu kuondoka alfajiri. Waliondoka saa nne, jua limeshapasha lami na magari ya mbele yameshapunguza mchanga. Alimfunga Rebeka mkanda kiti cha nyuma, akamnusa kichwani, akamwambia amsalimie bibi. Kwa Michael alikuwa na neno moja tu: tairi likifungwa upya nati hulegea kidogo, kwa hiyo akifika Manyoni asimame azikaze zote kumi tena, ndipo ashuke mlima. Akampa spana yake mwenyewe. Michael alisema sawa, bibie. Gari likaenda, safari hii bila makelele.

Aliziba pancha mbili za bodaboda akiwa na simu mfukoni. Ilipolia aliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Michael alisema wako Manyoni, mambo shwari, nati ameshakaza, wanakula mahindi.

"Zote?"

"Zote."

"Mpe Rebeka."

Sauti ya mtoto ilikuja imejaa mahindi. Agnes alimuuliza kama baba amekaza zile nati za magurudumu. Rebeka alisema ndiyo, amekaza za upande wake yeye Rebeka, amemwonyesha, zimekazwa sana. Zile za upande mwingine baba amesema bado ni nzima.

Agnes alifumba macho. Ndani ya ujinga ule kulikuwa na kitu ambacho, siku nyingine, angeweza kukiita mapenzi. Leo hakuwa na nafasi nacho.

"Mrudishie baba yako simu."

Michael aliposema haloo, Agnes alisema, "Gari halina upande wa mtoto. Lina pande zote. Anza upya, zote kumi. Weka simu chini karibu na gurudumu, usikate."

"Mama Rebeka, salio langu..."

"Usikate."

Akasikia simu ikiwekwa changaraweni. Akasikia hatua, kisha chuma kikishika chuma. Nati ya kwanza ikalia, ya pili, ya tatu. Agnes alikaa juu ya jeki, kidole kimoja kimeziba sikio lingine kwa ajili ya upepo, akazisikiliza mpaka gurudumu likaisha na spana ikahamia kwa jingine. Ya kumi ilipolia alikata simu bila kuaga.