Kogo Hakupika Bata

Asubuhi moja mwaka huu nilitoka Bomet na mfuko mgongoni, bila kujua naenda wapi. Ndiyo tabia yangu tangu nilipoacha shule darasa la saba: nikiona barabara nataka kujua inaishia wapi. Karibu na soko, mama mmoja alikuwa akisugua ndani ya kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto. Harufu ya moshi ule ikanirudisha Merigi, jikoni kwa Kogo, nyanya yangu aliyenilea.

Mwaka mmoja wa uchaguzi, nikiwa bado shuleni, Merigi nzima ilihama chama. Tangu nizaliwe, milango yote ilikuwa na picha ya mwavuli, alama ya chama chetu. Ndani ya wiki chache miavuli ikabanduliwa, akabandikwa bata wa manjano wa chama kipya. Mlango wa Kogo peke yake ulibaki na mwavuli, umepauka, pembe moja imeng'oka.

Ndipo akaja Kibet, jirani aliyepima majani ya chai kwenye kituo chetu, na kundi la vijana wakiimba. Niliogopa. Majani yakikaa juani yanageuka rangi na kukataliwa, na Kibet ndiye aliyepanga foleni. Sisi tuliishi kwa majani hayo.

"Kogo, tumehama wote," alisema. "Ukibaki na huo mwavuli, utapimiwa wa mwisho."

Kogo alimjazia kikombe cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kwanza, kama alivyomjazia kila mgeni. Akamwangalia akinywa.

"Kibet, si ni wewe uliniletea huu mwavuli? Sasa umetupa wako. Mvua imeisha?"

Vijana wakacheka. Merigi hunyesha karibu kila alasiri.

"Wacha mchezo, Kogo. Pigia bata kura!"

"Nipike pata?" Kogo alishika kiuno. "Hapa tunakula kuku tu!"

Kibet mwenyewe alicheka mpaka maziwa yakamtoka puani. Watu hututania Wakipsigis kwamba tunachanganya b na p, g na k. Lakini Kogo aliuza mboga sokoni miaka mingi. Alisikia tofauti vizuri sana. Kesho yake majani yetu yalipimwa kwa zamu yetu, si ya mwisho.

Nikatangaza shule nzima kwamba sisi ni watu wa mwavuli. Kogo alipopata habari aliniita.

"Nani amekuambia nimechagua mwavuli? Hiyo karatasi inaziba ufa wa mlango."

Nilifadhaika. Nilikuja kuelewa siku ya kwanza niliposimama peke yangu nyuma ya kile kikadibodi cha kupigia kura, hakuna anayeniona: Kogo hakuwa akilinda chama. Mpaka leo sijui alimchagua nani, na hilo ndilo ninalojivunia zaidi.

Jioni nilifika Sigowet, mahali nisipowahi kulala. Mwenye vyumba vya wageni aliposikia natoka Merigi, macho yakamwaka.

"Dada, nyinyi watu wa huko siku hizi mko chama gani? Maana mnahama tu!"

"Mama, nyumba yetu haipiki pata."

Akacheka mpaka akasahau alichouliza, akanipa ufunguo wa chumba cha nyuma.