Mahali Nchi Inapopasuka

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, basi la shule lilituchukua Nakawa, Kampala. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa amechoka kulichora Bonde la Ufa ubaoni, alitaka tulione. Nilikaa nyuma kabisa na mkate wangu, nisiongeleshwe na mtu.

Tulipofika Mubende, mvua. Mwalimu akaeleza: joto la ndani ya dunia husukuma mabamba ya miamba, polepole kuliko kucha inavyoota. Huku magharibi yanaachana, na kipande cha katikati kinazama.

Saa saba, tukiwa tumepita Fort Portal, kizuizi cha jeshi barabarani. Askari akapanda. "Munaenda wapi?"

Mwalimu ni Muganda, Kiswahili kinamshinda. Akajibu kwa tabasamu: "Afande, tunaenda kuangaria mahari inchi inapasuka."

Kwa Kiganda ensi, yaani nchi, ni ardhi pia. Kwa askari, nchi ni serikali.

"Inchi ya nani? Nani napasua? Shuka!"

Mwalimu akashuka, askari wenzake wakamvua viatu. Tangu jeshi litwae serikali, watu wa Kampala tunajua: anayevuliwa viatu na askari harudi.

Mimi ni mtoto wa polisi, Kiswahili cha kambini ndicho nilichokulia. Lakini darasani sijawahi hata kunyoosha mkono. Sijui nilishukaje. Mkojo ulinibana, nasema kweli.

"Afande, si serikali. Ni udongo." Nikauvuta mkate huku na huku. Ganda likapasuka, katikati pakabonyea. "Chini kuna moto. Inavuta hivi."

Akautazama mkate, akanitazama mimi. "Twende nione. Kama ni uongo, na wewe utavua."

Akamsukuma mwalimu ndani, akapanda nasi, viatu vya mwalimu na bunduki magotini, mpaka ukingoni mwa bonde. Tukashuka. Ardhi ilikuwa imekatika! Chini kabisa msitu ulionekana kama ukoka, na ng'ambo milima ya Kongo. Ubaoni bonde hili lilikuwa mstari wa chaki tu. Askari mwenyewe alirudi nyuma hatua moja.

"Yesu! Ilipasuka lini?"

"Zamani sana, afande. Hakukuwa na mtu."

"Na bado inapasuka?"

Mwalimu, miguu mitupu, akafungua mdomo. Nikamkanyaga.

"Imekwisha, afande. Kabisa."

Askari akacheka, akachukua nusu ya mkate. "Mwalimu, vaa viatu. Huyu binti akufundishe Kiswahili."

Tukaanza safari ya kurudi. Karibu na Mityana mwalimu aliniinamia, akaninong'oneza: "Lakini haijakwisha. Unajua?"

"Najua, mwalimu."

Jumapili asubuhi mama alikuwa akimimina chai. "Haya, mwanangu, huko mliona nini?"

Niliinuka, nikafunga dirisha kwanza. Ndipo nikamwambia: "Mama, bado inapasuka."