Treni ya Mezani na Polishi ya Sakafu

Siku ya kwanza kazini nilivaa sketi ya kanisani, nikidhani nitakaa ofisini. Mkuu wa Karakana, mwanamume mfupi mwenye sauti ya kengele, alinipa ovaroli iliyonizidi mara mbili, akanipeleka kwenye meza ndefu. Juu yake kulikuwa na treni ndogo ya mfano pamoja na reli zake na daraja dogo, zawadi ya wafadhili kwa shule yetu ya ufundi hapa Sumbawanga, itumike kufundishia umeme. Mimi binti wa kijijini Mpui hata treni ya kweli sikuwa nimewahi kuiona.

"Hii ikitembea, una kazi," aliniambia. "Isipotembea, naifungia kwenye maboksi, nawe urudi kwenu ukalime mahindi. Muda wako ni mpaka Siku ya Wazazi."

Vijana wa siku hizi, kitu kikizima wanatupa na kununua kingine. Sisi tuliufuata umeme hatua kwa hatua. Kwenye treni ile hapakuwa na betri. Umeme ulipita relini, reli moja chanya, nyingine hasi. Magurudumu ya chuma yaliupokea, kisha vibanzi vyembamba vya shaba vilivyoligusa gurudumu kwa nyuma viliufikisha kwenye mota. Kichwa cha treni kikisitasita, kisukume kwa kidole. Kikiondoka, mota ni nzima, ubovu uko kwenye mguso. Hapo unaanza na reli, unakuja gurudumu, kibanzi, halafu waya, bila kuruka. Reli hufutwa kwa kitambaa chenye spiriti. Msasa ni mwiko, maana huacha mikwaruzo inayoshika uchafu. Somo hilo nilikuja kulipeleka shuleni Muze, kwenye joto la bondeni na vumbi lake, na baadaye Mwazye, ambako Mkuu wa Shule, sista mpole, alipiga ishara ya msalaba kila nilipogusa swichi.

Lakini safari zote hizo nilikaribia kuzikosa.

Shule zetu mnazijua: mgeni akija, kila kitu lazima king'ae. Mawe ya njiani hupakwa chokaa, sakafu hupigwa polishi mpaka wageni wateleze. Treni yangu tayari ilikuwa inatembea vizuri, nami sikutaka ionekane maskini. Jioni ya kuamkia Siku ya Wazazi nilichovya kitambaa kwenye kopo la polishi nyekundu ya sakafu, nikasugua reli zote, zikang'aa kama viatu vya bwana harusi. Asubuhi nikawasha swichi. Kimya.

Jasho lilinitoka. Wazazi walikuwa wamekwisha kukaa nje, baba yangu, aliyetoka kijijini kuniona, akiwa miongoni mwao. Nilikisukuma kichwa kwa kidole, kikajikokota kidogo, kikazima. Nikafuta magurudumu, kitambaa kikatoka chekundu. Hapo nikaelewa. Polishi ni nta, na nta haipitishi umeme.

Mkuu wa Karakana akaingia. "Nani kafanya hivi?"

Wanawake wa usafi walikuwa mlangoni na makopo yao, na kuwasingizia kungekuwa rahisi mno. Lakini mficha uchi hazai.

"Ni mimi, Mkuu."

Akavua koti. "Waambieni kwaya waongeze nyimbo tatu," aliwaagiza wale wanawake. Kisha akachukua kitambaa. "Wewe anza huku, mimi naanza kule. Tukutane darajani."

Tulisugua kwa spiriti mpaka vidole vikakauka. Kwaya ilikuwa imeanza kurudia nyimbo wazazi walipoingia. Niliwasha, na kichwa kikaondoka kikivuta mabehewa matano, wala hakikusita. Nililia mbele za watu, sikuona haya. Baba alihesabu mizunguko kwa vidole mpaka vikamwishia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sasa mwanangu, hilo ligari linakwenda wapi?"

"Haliendi popote, baba. Linazunguka tu hapa mezani."

Aliliangalia likipita tena mbele yake.

"Basi usilisimamishe. Mahindi nitalima mwenyewe."

Nilistaafu mwaka juzi. Kabla ya kukabidhi funguo nilifuta reli mara ya mwisho, nikawasha swichi, nikaondoka nikiliacha lile ligari linazunguka.