Kidole Gumba cha Mjomba

Kabla hatujapanda ndege, Mjomba alinionya mara mbili. Mwenyekiti wa wachongaji akijua kwamba yeye, Mjomba, macho yamekwisha, alisema, kiti chake katika banda letu pale Matiliku, Makueni, kitakuwa na mtu mwingine siku tutakayorudi. Alikuwa amekalia kiti hicho tangu kabla sijazaliwa.

Daktari aliita ugonjwa ule presha ya macho. Jicho la kulia lilizimika kabisa, la kushoto likabakiza mwanga na vivuli. Bandani hakuna aliyegundua, kwa sababu Mjomba siku zote alichonga huku akitazama pembeni, akiongea. Mimi niligundua aliponimiminia chai mezani badala ya kikombeni. Tulitazamana, kama naweza kusema hivyo, kisha akaniambia nifute meza na nifunge mdomo.

Mimi si mchongaji. Niliacha shule darasa la saba nikaenda bandani kwake kujifunza, lakini ninatumia mkono wa kushoto. Wachongaji huketi bega kwa bega, ngomo, lile tezo letu dogo, zikipanda na kushuka upande mmoja. Mtu wa kushoto anamrushia jirani vibanzi usoni. Baada ya wiki mbili Mjomba aliniambia nitafute kazi nyingine, nami nikatafuta nyingi. Nilinunua ndengu Kyuso, nikapiga lipu, na reli mpya ilipopita karibu na Kibwezi nikapikia kikosi cha Wachina kwa karibu miaka miwili. Hapo niliokota maneno yao: maji, chumvi, haraka, polisi, choo. Kwa hiyo wachongaji wetu walipoalikwa kwenye maonyesho ya kazi za mikono kule China, Mwenyekiti alinichukua niwe mdomo wao. Mjomba alinichukua niwe macho yake.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Nilitangulia, yeye akashika mkanda wa begi langu kama mzee anayechoka haraka. Kwenye ngazi nilihesabu kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejiimbia tenzi za kanisani.

Baada ya maonyesho wenyeji walitupeleka kutembea. Siku ya kwanza ilikuwa hekalu la zamani, paa juu ya paa, nguzo nyekundu ambazo mikono yangu miwili haikuweza kuzizunguka. Mchungaji wetu alikuwa ametuombea tusije tukainamia sanamu za watu, kwa hiyo wachongaji walisimama uani wamekaza shingo kama askari wa gwaride. Mjomba alinusa moshi wa ubani.

"Huu ni msandali," alisema kwa sauti. "Lakini wa kwetu una nguvu zaidi."

Mwenyekiti alimsifu, akawaambia wengine kwamba mzee bado yuko imara. Nilihisi mkanda wa begi ukivutwa kidogo, kwa majivuno. Ilibaki siku moja.

Siku hiyo ndiyo ya mapango. Mlima wote ulikuwa umechongwa. Vishimo vingi kuliko vya sega la nyuki, na katika kila kishimo mtu wa jiwe ameketi, wengine wadogo kama kidole, mmoja mrefu kuliko ghorofa. Njia yenyewe ilikuwa ngazi zilizobandikwa kwenye mwamba, nyembamba, na upande wa bonde kulikuwa na ukingo wa chuma ulionifika kiunoni. Watu walipanda na kushuka wakisukumana. Mara mbili mkanda ulimtoka Mjomba mkononi, na mara zote mbili nilisahau hesabu.

"Niambie," alisema.

Nikamwambia ni kubwa. Kubwa sana.

"Kubwa kama nini? Umekula nauli ya watu kuja kuniambia kubwa?"

"Sikio lake peke yake ni kama tangi la maji la shule."

"Haya. Sasa umesema kitu."

Tulifika kwenye pango dogo pembeni. Wenzetu walikuwa wamebaki chini wakipiga picha na lile jitu la jiwe. Hapakuwa na mtu ila mlinzi, mama mmoja wa makamo aliyevaa buluu, aliyekuwa ametupa mgongo. Mjomba aliniuliza kama jiwe liko karibu. Nilimwambia liko karibu lakini kuna kibao chenye mkono uliopigwa mstari mwekundu, na tafadhali tuendelee.

"Nimetoka Makueni kuja kusikia habari?" alisema. "Habari ningesikia kwa redio."

"Mjomba, tutashikwa."

"Ukuta tu. Sitaki hiyo miungu yao."

Kwetu, mama ndiye anayekuzaa lakini mjomba ndiye anayeweza kukubariki au kukulaani. Nilimsogeza hatua moja. Nilidhani atapitisha kiganja, basi. Nilisahau yeye ni nani. Mchongaji wa kwetu akitaka kuujua mti, hulowesha kidole gumba kwa mate akausugua mpaka mishipa yake itokee. Mjomba alilamba kidole gumba, akakibandika kwenye ukuta wa watu wa kale, akasugua.

Filimbi ililia. Yule mama alimfikia kabla yangu, akamkamata kifundo cha mkono. Mjomba hakujua ni nani aliyemshika. Alijivuta nyuma kwa nguvu, nyuma kabisa, kuelekea ukingo wa chuma na bonde. Nilimdaka shati, na kifungo kimoja kikakatika. Mlinzi akadhani tunapigana naye, akapaza sauti, na simu za watu zikainuliwa zote kwa pamoja. Katika maneno yake nililishika moja. Polisi.

Mwenyekiti alipanda ngazi akihema, akauliza mzee amefanya nini.

"Alijikwaa," nilisema.

Mlinzi aliinua kidole kuonyesha kamera iliyokuwa juu ya pango. Kisha akalamba kidole gumba chake mwenyewe na kusugua hewa, ili Mwenyekiti aone.

"Mzee," Mwenyekiti alisema polepole, "wewe umeona kile kibao?"

Mlinzi alinyoosha mkono akidai pasipoti. Mjomba alinong'ona kwa Kikamba, bila kugeuza kichwa, kwamba nisithubutu. Nilijua nikinyamaza tutaondoka pale na polisi, na nikisema atarudi nyumbani bila kiti. Nimewahi kutoroka kazi tano, lakini pale hapakuwa na pa kutorokea, kulikuwa na ngazi moja tu na Mwenyekiti amesimama juu yake.

Nilimwambia mlinzi kwa Kichina changu cha jikoni kwamba mzee haoni. Hakunielewa. Nikafunika macho yangu kwa kiganja, nikamwonyesha Mjomba.

Hilo kila mtu alilielewa.

Mlinzi alipitisha mkono mbele ya uso wa Mjomba mara mbili. Kisha akatoa karatasi laini, akakifuta kile kidole gumba taratibu kama cha mtoto, akamshika kiwiko na kumshusha ngazi zote mpaka langoni. Sikuhitajika kuhesabu. Mwenyekiti alitufuata nyuma.

"Umenimaliza, mpwa," Mjomba aliniambia ndani ya basi. Hakuniambia kitu kingine mpaka Matiliku.

Mwenyekiti hakumfukuza. Alimhamishia kwenye mkeka wa akina mama wanaopiga msasa, akasema ile ni kazi ya vidole tu. Mjomba alikaa siku moja, akabeba ngomo zake akaenda nyumbani. Simu zangu hakuzipokea. Nilirudi Kyuso kwenye ndengu, na kila nilipokohoa nilifikiria laana.

Miezi ikapita. Mama akanipigia kwamba kaka yake ananiita. Nilikwenda nikiwa nimekwisha panga kusafiri Alhamisi, sikumbuki hata wapi. Nilimkuta ameketi uani na kipande cha mti wa muhugu kati ya magoti.

"Ule ukuta," alisema kabla sijamsalimia. "Alama za patasi zimelala upande mwingine. Aliyechonga pale alikuwa mtu wa kushoto."

Sikujua kama ni laana au ni nini.

"Na walimwacha akamaliza," alisema.

Alipapasa chini mpaka akaipata ngomo, akaninyooshea mpini. Alitaka nitoe umbo, yeye akague kwa kidole. Nikamuuliza niketi upande gani.

"Hapa. Karibu."

Niliketi. Pigo la kwanza lilikwenda vibaya, la pili likashika. Vibanzi vilimrukia usoni. Hakusogea.